Wikendi Ni ya Mikono

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Maafande wa zimamoto, wauguzi wenzangu, wenyeviti wa vijiwe vya bodaboda, mama lishe mliofunga vibanda kuja kutusikiliza, ahsanteni. Nimepewa dakika 40 na orodha ya mambo saba. Nitaanza na moja, mengine yatapata nafasi muda ukiruhusu.

Jambo lenyewe ni kwamba wikendi ya mafunzo ya huduma ya kwanza na kuzima moto ni ya mikono, si ya hotuba. Nimelisema Dodoma, nimelisema Mwanza, nitaendelea kulisema hadi nione tumebadilika.

Siku si nyingi niliitwa kusaidia mafunzo ya siku mbili. Walioyaandaa siwataji. Jumamosi saa tatu kamili washiriki wote walikuwa wamekaa. Mgeni rasmi akaingia saa nne na nusu. Akahutubia, akamkaribisha mwenzake, naye akahutubia, tukapiga picha ya pamoja, tukanywa chai. Imefika saa saba mchana, hakuna hata mtu mmoja aliyepiga goti. Washiriki 40, na mdoli wa kujifunzia kushindilia kifua cha mtu asiyepumua ni mmoja! Ulitolewa kwenye boksi Jumapili alasiri, zimebaki dakika 50 kabla ya vyeti. Gawanyeni wenyewe: kila mtu dakika moja na kidogo, tena hapo sijatoa muda wa kupishana. Kijana wa mwisho kwenye mstari alibonyeza mara kumi na moja, akaambiwa inatosha, inuka. Akapewa cheti kwamba amehitimu. Kijana huyo anaendesha pikipiki barabara ya Iringa. Siku atakapomkuta mtu amelala hapumui, ataamini anajua. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Hadithi ya mwiko baadhi yenu mmeshaisikia kwangu. Mtaisikia tena, maana leo naona sura mpya.

Ilikuwa jioni, njia ya Chalinze kuja huku Morogoro, giza limeanza kuingia. Basi letu likasimama, mbele kuna ajali. Nikashuka. Pikipiki imegongana na lori, abiria wa pikipiki yuko pembeni ya barabara, amechanika paja juu kidogo ya goti, na damu inaruka kwa mapigo. Watu kama thelathini wamemzunguka. Nusu yao wameinua simu. Wawili wameshamshika kwapani wamkunje waingize kwenye bajaji. Mmoja anammwagia maji usoni. Kila mtu anapiga kelele na hakuna anayeigusa ile damu.

Kabla sijafika, kijana mmoja wa bodaboda akapenya. Nilimtambua: alikaa kwenye mafunzo yetu wiki tatu nyuma, akauliza maswali kuliko wote. Akasema neno moja tu, "Mlazeni." Akavua reflekta yake, akaikunja, akaiweka juu ya kidonda na kukandamiza kwa viganja viwili, mikono imenyooka, uzito wote wa mwili juu yake. Mimi nikashika kichwa cha majeruhi nikawa naongea naye. Sikumnyang'anya kijana kazi, kwa sababu mikono yake ilikuwa mahali pake.

Damu ikapenya reflekta. Akaona kukandamiza peke yake hakutoshi. Akageuka kwa mama lishe wa pale barabarani: "Mama, khanga na mwiko, haraka!" Mama wa watu akavileta, mwiko bado una ugali umegandia. Kijana akaikunja khanga kwa urefu hadi ikawa pana kama vidole vinne, akaizungusha pajani juu ya kidonda, kama kiganja kimoja kutoka pale, akafunga fundo, akaweka mwiko juu ya fundo, akafunga fundo la pili, akaanza kuuzungusha. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu majeruhi akapiga yowe, na damu ikasimama. Akaufunga mwiko kwa ncha za khanga usirudi nyuma. Kisha akaokota kipande cha mkaa uliopoa kwenye jiko la mama, akaandika kwenye paji la uso wa majeruhi: 1:40.

Mkaa hatukumfundisha. Tulifundisha kwa kalamu ya wino mzito. Alichokuwa nacho kichwani ni kwamba saa lazima iandikwe, cha kuandikia akakitafuta mwenyewe. Tulipofika hospitali, swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Mguu umefungwa saa ngapi?" Hakuna aliyejibu, jibu lilikuwa usoni kwa mgonjwa. Mguu ule upo, mwenyewe anatembea nao.

Sasa niulizeni kwa nini aliweza. Kwenye wikendi ile kila mshiriki alifunga paja la mwenzake mara sita, na mara ya sita amefumba macho. Tulitumia nusu nzima ya siku kwa jambo hilo moja. Kuna mwenzangu alilalamika kwamba mada nne zimebaki. Nikamwambia zibaki.

Najua wapo wanaosema, "Mama, unataka kugeuza bodaboda kuwa madaktari kwa siku mbili." Hapana. Nataka waache kufanya wanayoyafanya sasa. Leo hii mtu anaungua, anapakwa dawa ya meno, anapakwa asali, anapakwa yai. Anayetaka kumsaidia amwagie maji safi yanayotiririka, ya kawaida, dakika 20, basi. Leo hii mguu unafungwa kwa waya au kamba ya katani, inakata nyama na damu inaendelea. Mwingine anafunga vizuri, halafu kila baada ya dakika kumi analegeza "damu ipite kidogo", na mgonjwa anaishia njiani. Mambo haya yanafanywa na watu wenye huruma. Siku mbili zinatosha kuyaondoa.

Wengine wananiuliza kwa nini wikendi. Muulizeni mwenye pikipiki ya tajiri. Jumanne ana hesabu ya kupeleka jioni, akikaa darasani hesabu atailipa na nini? Fundi na mama lishe ni hivyo hivyo. Ila Jumamosi jioni nayo ndiyo saa ya pesa kwa bodaboda, kwa hiyo mimi huwaachia saa saba mchana, na Jumapili tunaanza saa nane, watu wametoka ibadani. Wasabato hawaji Jumamosi; tuwawekee zamu yao Jumapili asubuhi badala ya kuwaandika watoro. Mkufunzi asiyepanga ratiba kwa maisha ya wanafunzi wake asije kulalamika kwamba wananchi hawana mwamko.

Tena angalieni kalenda. Lori la mafuta lilipolipuka hapa kwetu Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, ilikuwa Jumamosi. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ilikuwa Jumapili. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi. Kila mahali, waliokuwa karibu ndio waliotangulia. Bukoba wavuvi walifika na mitumbwi yao. Ndani walikuwemo watu 43 na 24 walitoka hai. Kariakoo watu walianza kufukua kwa mikono.

Msamvu nizungumze kwa heshima, kwa sababu humu ndani wapo waliozika. Tulipoteza watu zaidi ya 100. Bado nasikia watu wakisema ni tamaa, na mimi neno hilo silikubali. Waliokuwa na madumu pale, wakichota mafuta yaliyomwagika, hawakuwa wamefundishwa kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwamba unatambaa chini, unajaza mitaro, unakufikia miguuni kabla hujaona chochote, na cheche moja inauwasha wote kwa pamoja. Huwezi kuona hatari isiyoonekana mpaka mtu akufundishe. Somo hilo ni la dakika kumi na tano, na linaishia kwa amri moja: lori la mafuta likianguka, ondoka, ondoa na wenzako, nenda upande upepo unakotoka, piga 114. Gesi ya kupikia nayo ni hivyo hivyo, inakaa chini. Ukisikia harufu fungua milango na madirisha, funga mtungi, taa usiwashe, wala kama imewaka usizime.

Turudi kwa mdoli. Kifua cha mtu mzima kinabonyezwa chini sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukibonyeza unakiacha kipande juu chote kabla ya kubonyeza tena. Hayo yapo kwenye kila kitabu. Kisichokuwepo kitabuni ni maumivu ya mabega. Mtu akishindilia dakika mbili kwa kina kinachotakiwa, jasho linamtoka, mikono inaanza kukunja viwiko, kina kinapungua bila yeye kujua. Ndiyo maana tunapokezana kila baada ya dakika mbili. Utamwelezaje hilo mtu uliyempa dakika moja?

Mtaniambia midoli ni ghali. Kweli. Chukueni mfuko wa kiroba, jazeni nguo kuukuu, katikati wekeni chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu iliyofungwa kizibo. Ukibonyeza inakataa, ukiachia inarudi. Si mdoli wa dukani, lakini kumi mtazitengeneza mchana mmoja, na watu 40 watagawana wanne wanne.

Halafu kuna kusahau. Aliyejifunza kushindilia kifua asipogusa tena, ndani ya miezi mitatu hadi sita mkono unaanza kupoteza. Kwa hiyo nawaomba, badala ya kuandaa mafunzo mapya kila mwaka kwa watu wapya ili ripoti ionyeshe idadi kubwa, rudini kwa wale wale. Nusu saa kijiweni, mara moja kila miezi mitatu. Mbebe kiroba chenu kwenye pikipiki. Abiria watasubiri, na wengine watauliza wanaruhusiwa kujaribu.

Chile wazima moto wao ni wa kujitolea, nchi nzima. Walianza Valparaíso mwaka 1851. Mwalimu, karani, muuza duka, kengele ikilia anakimbia. Watu wale wanafanya mazoezi lini kama si jioni na wikendi? Nasema hivi kwa sababu kuna afande aliwahi kuniambia kazi ya moto haiwezi kukabidhiwa mtu wa wikendi. Kuingia kwenye jengo linalowaka na mtungi wa hewa mgongoni, sawa, hiyo ni kazi ya aliyepitia chuo, wala sitaki bodaboda aiguse. Lakini kumwelekeza dereva wa gari la zimamoto apite kichochoro kipi ili asikwame, nani anajua kuliko bodaboda? Wafundisheni pamoja, wikendi moja, wajuane kwa sura.

Nimeoneshwa saa. Radio za mawasiliano, bima ya wanaojitolea, mafunzo ya shuleni, hayo yote nayaruka. Bima tu niseme ni deni, na mwenyekiti analijua.

Mitungi ya unga ya kuzimia moto iko nje chini ya mwembe, ya kilo sita. Ukiibonyeza mfululizo inaisha ndani ya sekunde kama ishirini, kwa hiyo hakuna kumwaga juu ya ndimi za moto: chomoa pini, lenga shina la moto, fagia. Afande ameshawasha trei ya dizeli na upepo unatoka upande wa lango, tutasimama upande huo. Mama lishe wataanza wao, maana bodaboda mkishika mtungi hamwachii. Waliokuja na khanga na miko wabaki na mimi hapa kivulini, wawili wawili, mmoja alale chini.