Gerejini Halisiti, Mlimani Linasita

KASSIM: Hamjambo nyote, wa Mombasa, wa Nairobi, wa Dar, na mlio mbali zaidi. Mimi Kassim, na niko na dada yangu Zuhura, fundi wetu. Leo hatuna mgeni. Mgonjwa tunayemzungumzia ni gari langu mwenyewe.

ZUHURA: Subaru Impreza WRX ya 2005, injini ya lita mbili yenye turbo. Hebu waeleze lilikuwa likifanya nini, maana najua kuna watu huko wanaugua ugonjwa huohuo.

KASSIM: Asubuhi unawasha, linashika mara moja. Mjini, Nyali mpaka Tudor, huna shaka nalo. Sasa toka Miritini, uanze kuupanda ule mlima wa Mazeras ukiwa gia ya tatu, ukanyage mafuta. Mizunguko ikifika 2,800 hivi, pale turbo inapoanza kujaza hewa kwenye injini, gari linasita. Linakuwa kama mtu aliyekabwa na kwikwi, halafu ghafla linaruka mbele. Kanyaga zaidi, linasita tena. Achia kidogo, linatulia.

ZUHURA: Na likiwa limesimama, ukaweka nyutro ukalipiga resi?

KASSIM: Hakuna kitu! Linapanda mpaka 6,000 na sauti tamu. Ndiyo maana kila gereji niliyoingia niliambiwa, "Bwana, gari lako zima hili."

ZUHURA: Hapa nataka tukae kidogo. Injini ikiwa nyutro haina mzigo wowote. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka, na injini isipobeba mzigo, moshi ni kidogo, kwa hiyo turbo haijazi kitu cha maana. Mtu analalamika kwamba akipanda ngazi anabanwa kifua, wewe unampima akiwa amelala kitandani! Utamwambia ni mzima, na wala hutakuwa umesema uongo. Umempima tu wakati haumwi.

KASSIM: Miezi minane, Zuhura. Gereji ya kwanza wakabadilisha plagi. Ya pili wakabadilisha koili zote nne. Ya tatu pampu ya mafuta. Zaidi ya shilingi elfu 80, na mlima wa Mazeras uko palepale.

ZUHURA: Sitawalaumu kwa kudhani walivyodhani, maana kila dhana ilikuwa na msingi. Chukua plagi. Turbo ikishindilia hewa ndani ya silinda, cheche inapata kazi ngumu kuruka ule mwanya wa plagi. Mwanya ukishakuwa mpana kwa uzee, gari litatulia likiwa halina mzigo na kusita turbo ikijaza. Kwa hiyo plagi ni mshukiwa halali kabisa. Ninacholalamikia ni kwamba plagi zilitolewa zikatupwa, hakuna aliyeziangalia.

KASSIM: Ulipoanza wewe, ulizitoa hata zile mpya.

ZUHURA: Nilizitoa, na si kazi ndogo. Injini hii imelala, silinda mbili huku na mbili kule, plagi zinatazama mbavu za gari. Ikanibidi nitoe betri kwanza ndipo mkono upite. Lakini plagi inasema. Zako hazikuwa nyeusi kwa masizi. Zilikuwa nyeupe kama jivu la mkaa, zote nne. Hiyo maana yake ndani kuna hewa nyingi kuliko mafuta. Ingekuwa moja tu nyeupe, ningeshuku injekta ya silinda ile. Zote nne ni jambo linalozigusa zote.

KASSIM: Ndipo ukanitisha.

ZUHURA: Nilisema kweli. Injini ya turbo ikichoma mafuta machache huku imebeba mzigo, joto linapanda na mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake. Pistoni hupasuka hivyo, pale kwenye kingo zinazoshika ringi. Ulikuwa umeendesha hivyo miezi minane. Nikapima kampresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, kabla ya kitu kingine chochote, na nilipoona silinda zote nne zinakaribiana, nikashukuru Mungu.

KASSIM: Hukuniambia siku ile kwamba ulikuwa na wasiwasi kiasi hicho.

ZUHURA: Gari hili unalipenda mno. Sikutaka kukuvunja moyo bila ushahidi.

KASSIM: Nalipenda kweli. Nilikuwa mtoto mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari Rally na Impreza. Tangu siku ile nilijua gari nitakalonunua. Haya, tuendelee. Geji ile.

ZUHURA: Hewa nyingi kuliko mafuta ni mambo mawili: ama mafuta hayafiki, ama kuna hewa inayoingia bila kuhesabiwa. Nikaanza na mafuta kwa sababu yanapimika upesi. Nikafunga geji ya presha kwenye laini ya mafuta, mpira wake nikautoa kupitia ukingo wa boneti, geji nikaibana chini ya waipa mbele ya kioo. Tukapanda Mazeras, wewe unaendesha, mimi nasoma.

KASSIM: Madereva wa malori walikuwa wanatushangaa.

ZUHURA: Ukichomoa kimpira cha vakyumu, presha ya msingi kwenye injini hii ni kama PSI 43. Turbo ikisukuma PSI 11 ndani, mafuta nayo lazima yapande kwa kiasi hichohicho, yafike 54 hivi, la sivyo injekta inashindana na upepo. Pampu iliyochoka hapo huonekana, maana sindano inashuka badala ya kupanda. Gari lako likaanza kusita, nikatazama: 53, 54, sindano imetulia. Mafuta yapo. Pampu yako ya zamani haikuwa na kosa.

KASSIM: Iko nyumbani kwenye boksi. Sikuitupa.

ZUHURA: Iweke. Basi tukabaki na hewa. Kwenye boksi la filta kuna sensa inayohesabu hewa yote inayoingia, na kompyuta inapima mafuta kwa hesabu ile. Hewa ikiingia baada ya sensa, haimo kwenye hesabu, na injini inabaki na njaa ya mafuta. Nikaunganisha skana. Na hapa niwaonye wasikilizaji: vile vidude vya bluetooth vya bei rahisi mara nyingi haviongei na Subaru za soko la Japani za miaka ile. Usiposoma kitu, usidhani kompyuta imekufa. Tafuta skana inayoijua lugha yake.

KASSIM: Wasomee zile namba.

ZUHURA: Kompyuta huongeza au kupunguza mafuta ikilinganisha na sensa iliyo kwenye ekzosi. Gari limesimama, ilikuwa inaongeza asilimia 3, kitu cha kawaida. Tulipopanda mlima polepole, mguu mwepesi, ikafika 17. Sensa ya hewa ikiwa chafu, nayo inaweza kudanganya, kwa hiyo niliisafisha kwa dawa yake, tukarudi mlimani. Ikasoma 17 tena.

KASSIM: Na taa ya injini haijawahi kuwaka hata mara moja.

ZUHURA: Taa inasubiri kosa lipite kiwango na lidumu. Lako lilikuja likaondoka. Halafu nikapuliza moshi kwenye njia ya hewa, nikiwa na uhakika nitaona pakitoka. Nikazunguka na tochi nusu saa. Hakuna hata uzi.

KASSIM: Mimi hapo nilikata tamaa, wallahi.

ZUHURA: Mimi nilikaa kwenye ndoo nikafikiri. Gari linasita likiwa na mzigo. Injini ikibeba mzigo inafanya nini kingine? Inajipinda. Boksi la filta limefungwa kwenye bodi, turbo imefungwa kwenye injini, na kati yao kuna mpira mrefu unaopita chini ya manifoldi, ile mirija inayogawa hewa kwa silinda. Injini ikilalia upande, mpira ule unavutwa. Nikaleta kipande cha mbao na mtaimbo, nikamwomba kijana ainue injini taratibu upande mmoja, moshi bado unapulizwa.

KASSIM: Ukatoka.

ZUHURA: Ukatoka chini kabisa, mwembamba kama wa ubani! Akiachia mtaimbo, unakatika. Akiinua, unarudi. Mara tatu nilimwambia arudie.

KASSIM: Kuutoa mpira wenyewe kulichukua siku nzima, maana manifoldi lazima inyanyuliwe. Nilikuwepo. Ulipoushika mkononi hauonekani umechanika, mpaka uukunje. Ndani ya mkunjo, upande wa chini, mpasuko kama sentimita nne.

ZUHURA: Na kilichonifanya nipige kelele ni kile kilichokuwa ndani. Mpira huu uko baada ya filta, ndani unapaswa kuwa safi. Kuanzia kwenye mpasuko kuelekea kwenye turbo kulikuwa na mstari wa vumbi jekundu.

KASSIM: La Voi. Naenda kule kila mwisho wa mwezi kwa mama.

ZUHURA: Vumbi lile lilikuwa linaingia kwenye turbo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Nilikagua mapanga yake, kingo zimekwaruzika kidogo, lakini shafti haichezi. Limewahi kupona.

KASSIM: Nilitaka ufunge mpira mpya tuondoke.

ZUHURA: Nikakataa, kwa sababu mpira haukupasuka wenyewe. Gari la 2005 liliteremka Kilindini zamani, maana sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Limekaa kwenye joto na chumvi ya Pwani miaka mingi. Nilipochungulia mauntingi za injini, zile raba na chuma zinazoishikilia kwenye bodi, moja raba yake ilikuwa imeachana na chuma. Injini ilikuwa inajipinda kuliko inavyotakiwa, na kila ukikanyaga inauvuta mpira. Ningefunga mpira peke yake, ungepasuka palepale.

KASSIM: Mauntingi mbili na mpira mmoja. Tukapanda Mazeras gia ya tatu, nikakanyaga mpaka chini. Likavuta moja kwa moja hadi juu, na mimi nikanyamaza tu.

ZUHURA: Skana ikasoma asilimia 4. Umeshaliendesha kilomita ngapi tangu siku ile?

KASSIM: Karibu 1,000, na Voi nimeshafika mara moja.

ZUHURA: Basi Jumamosi lilete. Nitachomoa ule mpira upande wa boksi la filta, nipitishe kitambaa cheupe ndani, tuone kitatoka na rangi gani.