Valvu Si Kile Kimwanga: Kuchagua Maikrofoni kwa Studio ya Nyumbani Lamu

Assalamu alaykum, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliojibana kule karibu na mlango. Hii maiki iliyo mezani niliiwasha kabla hamjaingia. Iacheni ipate moto, tutaijia.

Hunijia vijana barazani na picha kwenye simu: "Kaka, hii ya valvu vipi? Bei yake nzuri." Valvu ni kile kichupa cha kioo chenye uzi wa moto ndani, kinachokuza sauti ya maiki. Ukitazama, kilichompendeza ni kidirisha chenye mwanga wa rangi ya chungwa. Simcheki, maana nami nilinaswa papo hapo. Yangu ya kwanza niliinunua Mombasa, duka silitaji. Nzito mkononi, inang'aa, na sauti yake bati tupu. Nikaifungua. Valvu imo, lakini nyuma yake wamepachika kitaa kidogo cha LED cha kuing'arisha. Nikapima umeme unaoifikia: hata volti 40 haukufika. Ile ilikuwa 12AX7, valvu ambayo kazi yake huifanya vizuri kwa volti 100 na zaidi. Imekaa mle kama mgeni aliyealikwa karamuni akanyimwa sahani.

Kwa hiyo la kwanza tazama kama ina kisanduku chake cha umeme. Valvu inataka umeme wa kupasha uzi wake moto, na mwingine wa juu wa kufanyia kazi. Zile volti 48 zinazotoka kwenye intafesi, kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta, kwa kawaida hazitoshi. Kisanduku kiwe na waya wake wenyewe, mara nyingi wa pini saba, na swichi yake ya nyuma iwe kwenye 230, si 115. Na waya huo usiuchomoe ilhali umeme umewaka. Mle ndani mna volti za kukurusha ukutani.

Sasa niseme jambo ambalo wauzaji hawalipendi: sauti unayoisifu haitoki sana kwenye valvu. Inatoka kwenye kapsuli, kile kiwambo chembamba kilichopakwa dhahabu, kisha kwenye transfoma. Neumann wa Ujerumani walitoa maiki ya U47 mwaka 1949, AKG wa Austria wakaja na C12 mwaka 1953, kisha Neumann tena na U67 mwaka 1960. Leo U47 ya zamani iliyo nzima inapita dola 10,000, kwa hiyo sisi tunanunua wajukuu zake. Na wajukuu wengi wa bei nafuu wameiga kapsuli ya U67. Kapsuli ile huinua sauti nyembamba za juu. Neumann walijua, wakatia ndani saketi ya kuzishusha. Waigaji wengi walichukua kapsuli, saketi wakaiacha.

Hapa kwetu kasoro hiyo utaisikia upesi kuliko kwingine. Kasida imejaa "swalla" na "salaam". Mweke mtu aimbe hizo mbili tu mbele ya maiki. Sini, ile sauti ya "s", ikigeuka mluzi, irudishe dukani, hata ikiwa imepunguzwa bei nusu. Rode NTK kutoka Australia nimeikuta ikistahimili mtihani huo. Inasikiza upande mmoja tu. Ndugu yake K2 hubadilishwa kwenye kisanduku: upande mmoja, pande zote, au umbo la nane, yaani mbele na nyuma. Hilo umbo la nane mimi nalipenda mno. Waimbaji wawili wanakabiliana, maiki katikati yao, na mpiga twari, ile ngoma ndogo ya mkono, unamweka ubavuni, pale inapokuwa kiziwi. Twari linapungua bila kugusa kompyuta.

Lakini mbele ya hizo zote kuna bahari. Kapsuli na saketi iliyo nyuma yake haziwezi unyevu; umeme mdogo unavuja, ukasikia mchakarisho kama samaki kwenye mafuta. Masika hii nimeusikia kwenye maiki mbili za watu. Ukimaliza kurekodi, iache ipoe, itie kwenye mkebe unaofungika vizuri pamoja na vile vifuko vya chembe za kufyonza maji. Valvu hapa ina fadhila moja: joto lake hukausha kidogo.

Aibu yake ni umeme ukikatika. Maiki ya kawaida ya volti 48 utaendelea nayo kwa betri ya laptopu. Hii ya valvu itazima katikati ya beti. Kijana mwenye fedha ya kitu kimoja tu, ningemwambia anunue hiyo ya kawaida, na baki anunue magodoro ya sufi. Nyumba zetu za mawe, kuta za chokaa, vyumba virefu vyembamba: sauti inagonga na kurudi. Kanga ukutani ni pambo, halizuii kitu. Godoro nyuma ya mwimbaji linazuia. Zidaka usizizibe, zinavunjavunja mwangwi kwa namna ninayoipenda. Na punda, punda hana dawa, rekodi usiku.

Haya, kisanduku kimeshapata moto, nikikigusa nahisi. Mwanangu wa twari, kaa hapa ubavuni. Wewe na mwenzio, mmoja huku, mmoja huku, mkabiliane. Anzeni na "swalla", polepole, na nyinyi wengine msikize sini.