Jinsi ya Kuchora Jenogramu: Tunamchora Bibi Salme

Haya wapenzi, karibuni. Leo tunachora jenogramu, yaani mti wa ukoo unaoonyesha pia nani kapatana na nani, na nani hasemezani na nani. Manila, penseli, rula, ufutio. Kalamu ya wino weka mbali kabisa. Manila ninazo dukani, Darajani, bei tutaongea.

Familia yangu siichori hapa, bado nataka kualikwa harusini. Tunamchora Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja, yule binti aliyekwenda Ujerumani.

Alama ni rahisi: mwanamume mraba, mwanamke duara, marehemu mpigie X. Mwenye mchoro wake anapata duara ndani ya duara: Salme, 1844. Baba juu, X, 1856. Twende.

Sasa hapa simama. Usiwaning'inize watoto wote chini ya baba! Seyyid Said aliacha watoto 36 walio hai, wa masuria mbalimbali. Kila mama ana mstari wake kutoka kwa baba, na watoto wake wananing'inia kwenye mstari huo, mkubwa kushoto. Bibi Azza binti Sef, mke wa ndoa, nampa mstari mzima. Masuria nawapa wa vikato-vikato, napenda hivyo. Jilfidan, Mcherkesi, yaani mtu wa milima ya Kaukazi: chini yake Salme. Sara, Mcherkesi pia: Majid na Khaduj. Mama yao Barghash na Meje, Mhabeshi. Khole, dada yao, naye wa mama mwingine ten... Ngoja. Karatasi inajikunja. Wewe mtoto, zima hilo feni! Haya, kikombe kwenye pembe. Siyo hicho chenye chai!

Narudia: mama kwanza, mtoto baadaye. Ukimuuliza mzee, atakwambia "huyu ndugu yangu" akamaliza. Muulize, "tumbo moja?" Hapo ndipo mchoro unapokaa sawa.

Sasa penseli ya rangi, tutie mahusiano. Mistari miwili sambamba, wanapendana. Meno ya msumeno, wanagombana. Mstari uliokatwa katikati, wametengana.

Salme na Majid: miwili. Kwa nini? Tazama juu yao. Sara na Jilfidan walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, wakaahidiana atakayebaki awe mama wa watoto wa mwenzake. Sara akatangulia. Baadaye Salme na mama yake wakahamia nyumbani kwa Majid, Bet il Watoro. Ungewaning'iniza wote chini ya baba, hili ungelionea wapi?

Salme na Khole: miwili tena, na huu ndio uliomponza. Mwaka 1859 Barghash alitaka kumpindua Majid, aliyekuwa Sultani baada ya baba yao. Khole akawa upande wa Barghash, Salme akamfuata Khole, na kwa kuwa alijua kuandika, barua za njama akaziandika yeye. Binti wa miaka 15! Chora msumeno, Barghash kwa Majid. Msumeno, Salme kwa Majid.

Usifute ile miwili! Jamani, usifute. Chora msumeno pembeni yake, andika mwaka. Ukifuta utabaki na ugomvi tu, na hutajua ulimuuma nani. Na msumeno usipite juu ya mstari wa damu, uzungushe chini ya majina. Mmeona hapa kwangu ulivyogusa jina la Meje? Nafuta... sawa.

Kisha Salme akapatana na Majid. Miwili tena, mwaka mwingine. Khole na Barghash wakamnunia, kwa hiyo misumeno miwili mipya. Penseli hiyo, nilisema.

Mume, haraka: Heinrich Ruete wa Hamburg, mstari mzima, Aden, 1867. Mtoto wa kwanza alifariki mchanga, wakafuata watatu. Heinrich X, 1870, ajali ya tramu.

Mwisho Barghash, huyu huyu aliyejenga jumba la Beit al-Ajaib, naye sasa ndiye Sultani. Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja na manowari za Kijerumani, kaka mtu akakataa kumwona. Kata mstari.

Yako anza na mzee kuliko wote aliye hai, mpelekee na halua. Mchoro wa damu mwonyeshe, akusahihishe. Wa misumeno uache nyumbani.

Na kama babu yako alikuwa na wake wanne, manila moja haitoshi. Chukua mbili, na gundi.