Kutoka Chekechea Hadi Kidato: Pale Mtoto Anapovuka

Asalaam aleykum. Bwana asifiwe. Wazazi na walezi wenzangu, ahsanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja. Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, kwa hiyo nikiombwa kuzungumzia safari ya mtoto shuleni, mawazo yangu huenda kwenye vivuko: pale anapotoka hatua moja kuingia nyingine, nasi tukadhani amevuka salama.

Kivuko cha kwanza ni cha kutoka nyumbani. Elimu ya awali hapa Tanzania ni mwaka mmoja tu, na ikifika Machi huwa sikosi mzazi wa kuniuliza, "Mwalimu, mbona daftari la mwanangu halina kitu?" Namwelewa, daftari kalinunua kwa jasho lake. Lakini mtoto wa miaka mitano anayetenga vizibo vya soda, vyekundu huku, vya bluu kule, kisha akavihesabu, hiyo ni hisabati. Anayeimba huku akipiga kofi kwa kila silabi, ka-la-mu, ameshaanza kujifunza kusoma. Ukimkalisha na kalamu ya risasi saa nzima, vidole vitamuuma na kalamu ataichukia.

Darasa la kwanza na la pili ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtaala ulioanza 2015 ulipunguza masomo ya madarasa haya ili muda uende huko, na mimi niliufurahia sana. Kiswahili chetu kinasomeka kinavyoandikwa. Mtoto akizijua sauti, neno lolote analifungua. Basi anayefika mwisho wa darasa la pili bila kusoma, tafadhali msimwite mjinga. Mara nyingi kuna sauti chache ambazo hazijakaa. Nimewaona wanaosoma "baba" na "kalamu" vizuri, wakifika kwenye "nywele" au "mbwa" wanasimama. Dakika kumi kila jioni, mzazi au dada yake akikaa naye, zinatosha kuanzia. Akiachwa hivyo, masomo yanaongezeka darasa la tatu, na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne unamkuta bado anakisia maneno.

La tano na la sita sitayasemea sana leo. Mtoto aliyeshika kusoma huyapita.

Kivuko kinachoniumiza ni cha kidato cha kwanza. Katika shule nyingi za serikali mtoto amesoma kwa Kiswahili tangu awali, kisha Januari moja masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Kuna binti niliyemfundisha herufi. Alipofika darasa la saba alikuwa akiwakusanya wenzake chini ya mwembe, anachora jani, jua na mizizi kwenye vumbi, anawaeleza usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, mpaka wanaelewa. Alifaulu, akaenda sekondari. Mwezi wa nne nilikutana naye sokoni, akaniambia, "Shikamoo mwalimu. Siku hizi sinyooshi mkono." Jani ni lilelile na jua ni lilelile, ila maneno ya kulielezea hakuwa nayo. Yule mtoto hakupungukiwa akili, na nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu ambao haujanitoka.

Ninalisema hili leo kwa sababu kivuko hiki kinakaribia kujaa watu. Kwa sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, shule ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba. Walioanza darasa la kwanza 2021 watamaliza la saba mwaka 2027, na walioanza 2022 watamaliza la sita mwaka huohuo. Januari 2028 wote wanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na baadhi yao watakuwa wadogo kwa mwaka mzima kuliko tulivyozoea. Madarasa na madawati ni lazima yawepo. Ila kwenye vikao vya shule naomba tuulize na hili: wiki zile za mwanzo, nani atawafundisha lugha ya masomo, na atakuwa na watoto wangapi mbele yake?

Mwenye mtoto aliyeanza darasa la kwanza 2021 au 2022, naomba abaki tukimaliza. Nimeandaa karatasi ya maswali ya kumpelekea mwalimu mkuu, tuipitie pamoja kabla hamjaondoka.