Hati ya Nyumba Inalala Wapi?

Nianze kwa swali. Nani humu ukumbini anajua hati ya nyumba yake ilipo, saa hii? Naona mikono. Wengine mmeinua nusu nusu; nyie ndio wageni wangu leo.

Tukisikia "hati" tunawaza karatasi yenye mhuri, imefichwa chini ya nguo kabatini. Uzito wa karatasi ile unategemea nchi yako inasajili nini.

Kuna zinazosajili hati. Scotland ilianzisha daftari la namna hiyo 1617, na sehemu kubwa ya Marekani iko hivyo hadi leo, kwenye ofisi za kaunti. Msajili ananakili hati ya mauziano, kisha anakurudishia yenyewe. Yeye hasemi nani mwenye nyumba. Anatunza mlolongo tu: fulani kamuuzia fulani, naye kamwachia mwanawe. Hapo ya kabatini ikiungua, nakala ipo.

Nyingine zinasajili milki yenyewe. Robert Torrens, aliyewahi kuwa ofisa wa forodha, aliusukuma mfumo huo Australia Kusini mwaka 1858: aliyeandikwa daftarini ndiye mwenye mali. Uingereza na Wales zimekwenda mbali zaidi, kwani tangu Oktoba 2003 hazitoi tena cheti cha ardhi. Mtu anamaliza mkopo, anaisumbua benki imrudishie hati, kumbe cha kuhangaikia ni rehani: imefutwa daftarini au bado?

Wafaransa wana njia yao. Hati halisi hubaki kwa mnotari, yaani ofisa wa sheria anayeandaa mauziano, miaka 75, halafu huhamia kwenye hifadhi ya nyaraka za umma. Mwenye nyumba hupewa nakala tu, wala halalamiki.

Sasa, kuipata. Usiende na anwani ya mtaa peke yake, maana madaftari mengi hayapangwi kwa mtaa. Nenda na namba ya usajili wa kiwanja, au namba ya kitabu na ukurasa. Huna? Jina la mnunuzi na mwaka wa ununuzi vitamsaidia karani kupekua faharasa. Na useme mapema unataka nakala ipi. Ya kawaida inatosha kusoma. Benki na mahakama hutaka iliyothibitishwa, yenye mhuri na saini ya msajili. Nimeona watu wakipanga foleni mara mbili kwa kutosema neno hilo moja.

Halafu kuna wajanja wanaowaandikia waliotoka kununua nyumba, barua imevaa sura ya serikali, wakitaka malipo makubwa kwa nakala ambayo ofisi ingekupa kwa ada ndogo. Chana.

Mama pale nyuma anauliza: kama ya kwangu ndiyo halisi, na imepotea? Kwanza muulize wakili aliyesimamia ununuzi, na benki kama uliwahi kukopa. Mara nyingi iko kwao. Ikikosekana, pale cheti bado kinatolewa, kwa kawaida utaapa kiapo, tangazo litatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo upewe mbadala. Hapo inahitaji subira, mama.

Ukiishika nakala, isome hapohapo dirishani. Tazama jina lako herufi kwa herufi, mipaka, na rehani za zamani. Kosa la herufi moja ni rahisi kulirekebisha wakati aliyekuuzia bado yu hai na anapokea simu zako.