Hukutaka Urubani, Ulitaka Kofia

Ndugu zangu, wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, na walioko nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni tu.

Mtu wa miaka 40 akiulizwa utotoni alitaka kuwa nani, hujibu kwa jina la kazi: rubani, daktari, mwanasheria. Kisha hushusha pumzi kama mwenye deni. Mimi ninabishana na hilo deni. Mtoto hakuchagua kazi, alichagua picha.

Mchukueni rubani, kipenzi cha wengi. Mtoto ameona kofia, mistari ya dhahabu mabegani na chombo kinachopaa. Hajaona kuwa kabla ya kupaa ndege huzungukwa kwa miguu, yakakaguliwa matairi, mabawa na injini. Hajaona hesabu ya mafuta: ya safari, ya akiba, na ya kufikia kiwanja kingine endapo cha kwanza hakitueleki. Hajui kuwa huko juu mmoja anarusha, mwenzake anafuatilia vipimo na kuzungumza na waongoza ndege. Kwamba sehemu kubwa ya safari ndefu ndege hujiendesha, na kazi ya binadamu ni kukodolea vioo macho bila kusinzia. Wala hajui habari ya kupimwa afya kila mara, moyo ukionyesha kasoro leseni inaweza kusimamishwa. Mpe mtoto wa miaka 6 kazi hiyo bila kofia, atakurudishia kabla ya adhuhuri.

Mtasema, "Mimi nakumbuka vizuri, niliipenda ndege yenyewe." Unakumbuka? Mwaka 1962 Daniel Offer, daktari wa akili wa Marekani, alianza kuwahoji wavulana wa miaka 14. Wanaume 67 kati yao walihojiwa tena wakiwa na miaka 48, wakaulizwa walisema nini enzi zile kuhusu nyumbani, wazazi, adhabu, dini. Majibu yao hayakuwa bora kuliko kubahatisha.

Na msiniambie, "Nilitaka kusaidia watu." Fundi bomba naye anasaidia watu, muulizeni mwenye choo kilichoziba.

Sasa shikeni karatasi. Jina la kazi lisiandikwe. Andika vitenzi kumi vya mambo uliyoyafanya ukiwa na miaka 7 hadi 12 bila kutumwa na mtu. Ushahidi utafute kwenye madaftari ya zamani na kwa kaka au dada mkubwa. Wazazi waulize mwisho, maana wengi hukumbuka walichokitaka wao. Karibu kila mtu hukosea mahali pamoja: anaandika sifa. "Nilikuwa mdadisi." Mdadisi alifanya nini? Alifungua nini, kwa kutumia nini, na alikirudishia? Aliyeifungua redio akairudishia ikalia, na aliyeifungua akaiacha vipande sakafuni, hao kikazi ni watu wawili, na wote wawili wana kazi zao. Mwingine hakugusa redio. Alikuwa anawapanga wenzake nani ashike nini. Huyo aandike "kupanga", asiandike "fundi" kwa sababu tu alikuwepo.

Kisha chukua juma lililopita, saa kwa saa, uone vitenzi vipi bado unavifanya. Vikikutana vinne, acha kuomboleza. Umo ndani ya ndoto yako, ila haina kofia. Visipokutana, usikimbilie kuandika barua ya kuacha kazi! Chagua kimoja, kipe saa mbili kwa juma, majuma sita. Majuma mawili ya mwanzo msiyahesabu, huo ni upya tu.

Nilitaka pia kumgusa Linda Gottfredson, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeandika mwaka 1981 jinsi watoto wa miaka 6 hadi 8 wanavyoanza kufuta kazi kwa kuziona za kike au za kiume, na baadaye kwa hadhi ya kazi hizo. Yaani nyingine hukuziacha wewe, ulifutiwa. Hilo lina mhadhara wake, na mwenyekiti ananionyesha saa.

Maswali. Mama uliyenyoosha mkono tangu mwanzo, karibu, ila tupe vitenzi.