Uingereza Wezi Wanafungwa au Hawafungwi? Tuzipige Hesabu Vizuri

Haya wapendwa, karibuni tena kwenye chaneli. Picha ikicheza mniwie radhi, leo naongea huku natembea, kukaa ndani kumenichosha.

Kila nikigusia uhalifu wa huku Uingereza, kambi mbili zinasimama. Wa kwanza wanasema huko mwizi hafungwi, anaandikwa jina tu anarudi kwake kulala. Wa pili wanasema huko hakuna mchezo, ukiingia nyumba ya mtu umekwisha. Sasa mimi nimekaa na takwimu za serikali yao, na nawaambia kambi zote mbili zina haki. Shida ni moja: wa kwanza wanahesabu kuanzia nyumba iliyoibiwa, wa pili wanahesabu kuanzia mtu aliyesimama kizimbani. Halafu wanagombana kama vile wanazungumzia kitu kimoja.

Tuanze na sheria, nitaenda haraka. Nazungumzia England na Wales, maana Scotland wana sheria zao. Kuna Sheria ya Wizi ya mwaka 1968. Ukitumia nguvu au vitisho ili uibe, huo ni unyang'anyi, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Ukiingia kwenye jengo ambalo huna ruhusa ya kuingia ili uibe, hilo ni kosa jingine. Kwenye nyumba ya kuishi kikomo ni miaka 14, na kwenye jengo lisilo makazi, kama duka au ghala, ni miaka 10. Ukiingia na silaha, hata bastola ya bandia, unarudi kule kwenye kifungo cha maisha. Na huku si lazima uvunje kitu. Mlango umekuta wazi, ukaingia kwa nia ya kuiba, tayari. Wala hawajali usiku au mchana, hilo waliliondoa mwaka 1968. Kwetu Tanzania bado tunatofautisha: kuvunja mchana ni hadi miaka 14, usiku hadi 20. Na unyang'anyi wa kutumia silaha kwetu mnaujua wote, miaka 30 kwenda juu, hakimu hana pa kupunguzia.

Sasa kabla sijagusa asilimia, hebu niwape kisa cha mzee mmoja, maana bila yeye hizi tofauti zinabaki maneno makavu. Anaitwa Terry Perkins. Mwaka 1983 London, yeye na wenzake walivamia kampuni ya kusafirisha fedha, Security Express, wakaondoka na pauni milioni 6. Mlinzi alimwagiwa petroli akatishiwa kuchomwa moto. Mwaka 1985 Perkins akapigwa miaka 22. Katikati ya kifungo akatoroka, akakaa nje miaka na miaka, akaja kurudishwa kumalizia.

Unadhani alikoma? Pasaka ya mwaka 2015, huyo huyo Perkins, sasa mzee wa miaka sitini na kitu, yumo kwenye genge la wazee wenzake lililoingia chumba cha amana cha Hatton Garden, ule mtaa wa masonara wa London. Mmoja wao, Brian Reader, alikuwa na miaka 76 na alikwenda kwenye tukio kwa basi! Walitoboa ukuta wa zege wenye unene wa nusu mita, wakapita kwenye tundu, wakafungua visanduku vya wateja. Makadirio yalifika pauni milioni 14. Kwa hiyo mali ni zaidi ya mara mbili ya ile ya 1983. Hukumu ikasomwa Machi 2016: miaka 7.

Milioni 6, miaka 22. Milioni 14, miaka 7. Si kwamba jaji alimwonea huruma. Hatton Garden hapakuwa na mtu ndani, hakuna aliyetishwa, hakuna aliyeguswa, na jengo halikuwa makazi. Kikomo cha kosa kilikuwa miaka 10, na Perkins alikuwa amekiri. Mahakama za huku zinapima zaidi hofu aliyoipata binadamu kuliko thamani ya kilichobebwa. Mimi naona ni sawa kabisa, ingawa najua wenye visanduku vyao pale wangenizomea.

Na kisa hicho hicho kina kipande kingine ambacho ndicho kinatupeleka kwenye mada. Usiku ule kengele ya hatari ililia. Taarifa ikafika polisi, ikapangwa kwenye kundi la matukio ambayo hayahitaji askari kwenda. Polisi wenyewe walikuja kukiri hadharani. Mlinzi alifika, akachungulia, akaona mlango uko salama, akaondoka. Wazee walikuwa chini huko wanatoboa. Walikuja kukamatwa Mei, kwa sababu gari jeupe la mmoja wao, Mercedes, lilionekana kwenye kamera, polisi wakawatega vinasa sauti ndani ya magari. Yaani kilichoamua kama watafungwa kilikuwa ile kamera. Bila gari lile, jaji asingekuwa na mtu wa kumsomea hukumu.

Haya, sasa asilimia. Chukua wizi wa kuvunja nyumba ulioripotiwa polisi. Kwa miaka ya karibuni, unaoishia kwa mtu kufunguliwa mashtaka umekuwa ukizungukia asilimia 5. Tano kwa mia! Unyang'anyi uko juu kidogo, lakini nao haujafika 10. Ukijumlisha makosa yote, kiwango hicho kilikuwa kama asilimia 16 mwaka ulioishia Machi 2015, na kufikia Machi 2022 kilikuwa kimeshuka chini ya 6. Kesi nyingi za kuvunja nyumba zinafungwa kwa maneno kwamba mshukiwa hakupatikana.

Jirani yangu mmoja yalimkuta. Karudi kazini, dirisha la nyuma limefunguliwa, kompyuta na dhahabu ya mama yake hazipo. Akapiga simu, akapewa namba ya tukio, ni kama RB ya kwetu. Haukupita muda, ujumbe ukaingia: tumefuatilia njia zote zilizopo, kesi tunaifunga, ukipata taarifa mpya tuambie. Alinionyesha simu yake tukabaki tunatazamana. Ile namba ilimsaidia kwa bima, basi. Malalamiko ya aina hii yalikuwa mengi kiasi kwamba Oktoba 2022 wakuu wa polisi wa England na Wales waliahidi kwamba kila nyumba ya kuishi iliyovunjwa askari atafika. Fikiria, kufika tu ilibidi kuwe ahadi.

Sasa hama upande. Chukua wale wachache waliofikishwa mahakama kubwa, Crown Court, ile yenye jaji na raia 12 wa kuamua hatia. Hapo karibu wanane kati ya kumi wanatiwa hatiani, na wengi wao wanakiri wenyewe. Ushahidi ukiwa ni alama ya kidole kwenye fremu ya dirisha, wakili anakushauri ukiri mapema, maana ukikiri mwanzoni kabisa unapunguziwa theluthi ya adhabu. Na waliotiwa hatiani kwa kuvunja nyumba ya kuishi au kwa unyang'anyi, watu wazima walio wengi wanakwenda jela. Mwenye kuvunja nyumba kwa mara ya tatu sheria inataka ahukumiwe angalau miaka 3, kanuni hiyo ilianza kutumika Desemba 1999. Kwa hiyo kambi ya pili, mnaosema huku hakuna mchezo, hapa ndipo mnaposimama. Mnaangalia wale watano tu, wale 95 hamjawaona.

Ndiyo maana mtu akiniambia nchi fulani kiwango cha kutia hatiani ni asilimia 99, mimi namuuliza 99 ya nini. Japani wana hiyo zaidi ya 99. Waendesha mashtaka wao wanapeleka mahakamani kesi ambazo wana uhakika nazo, nyingine wanaziacha mlangoni.

Na hata hiyo tano kwa mia msiichukue kama ilivyo. Mwizi wa nyumba mara nyingi si wa nyumba moja. Akikamatwa, huku kuna utaratibu wa kuiambia mahakama: pamoja na hili ninaloshtakiwa, kuna mengine nilifanya, naomba yahesabiwe humu humu. Anasafisha daftari lake ili yasije kumfufukia baadaye. Basi unaweza kuwa na hukumu moja, nyumba zilizoibiwa kumi na kitu. Kwa upande wa unyang'anyi ni kinyume, tukio moja linaweza kuwa na vijana wanne waliomzunguka mtu mmoja. Ukigawanya idadi ya hukumu kwa idadi ya matukio bila kuliangalia hilo, unapata namba ambayo haielezi chochote.

Halafu kosa lenyewe linaandikwa wapi? Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mtu aliyenyakua sigara kutoka kwenye vidole vya mwenzake. Hakumgusa, sigara tu imeondoka. Wakasema si unyang'anyi, ni wizi. Lakini kuna kesi ya zamani zaidi ya mtu aliyevuta kikapu kwa nguvu kutoka mkononi mwa mwanamke, hiyo ikawa unyang'anyi. Sasa hawa vijana wa baiskeli wanaopita na simu za watu London, wengi wao wakinasa simu bila kumvuta mtu, wanaangukia upande wa sigara. Kosa dogo, adhabu ndogo, na kwenye jedwali la unyang'anyi hawamo kabisa.

Na umri nao. Kati ya washtakiwa wa unyang'anyi wa mitaani wamo watoto wengi chini ya miaka 18, na kwa mtoto kifungo ni hatua ya mwisho kabisa, wana mwongozo wao peke yao. Ukichanganya watoto na watu wazima kwenye kapu moja, utasema unyang'anyi hawafungi watu. Tenganisha, picha inabadilika.

Mwaka 1998 ofisi ya takwimu ya Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti iliyowakera sana Waingereza. Waliiandika Patrick Langan na David Farrington, na walijitahidi kusahihisha mengi ya haya ninayowaeleza, hadi idadi ya wahalifu kwa kila tukio. Wakakuta kwamba tangu 1981 uwezekano wa mhalifu kutiwa hatiani na kufungwa ulikuwa unapanda Marekani na kushuka England. Na kwa kuuliza watu majumbani, mwaka 1995 kuvunjiwa nyumba England ilikuwa mara 83 kwa kila kaya 1,000, Marekani 48. Watu wakarukia: mnaona, jela inafanya kazi!

Mimi hapo nasita. Tangu katikati ya miaka ya tisini, uvunjaji wa nyumba England umeshuka kwa zaidi ya robo tatu kwa utafiti ule ule wa kuuliza kaya. Na sehemu ya kushuka huko imetokea wakati mashtaka nayo yanaporomoka. Kama hofu ya jela ndiyo ingekuwa kila kitu, wizi ungepanda. Ninachokiona mimi ni madirisha ya vioo viwili yenye kufuli, kengele, kamera mlangoni, na televisheni ambayo siku hizi hata ukiiba hupati mnunuzi wa maana. Na Marekani yenyewe, pamoja na ukali wote, mwaka 2019 kesi za kuvunja nyumba zilizofikia hatua ya kukamatwa mtu zilikuwa kama asilimia 14 tu, unyang'anyi kama 30. Kule nako, mkali ni jaji, mwizi wa nyumba haonekani.

Kukaa jela nako kuna hesabu zake. Miaka iliyotangazwa si miaka atakayokaa. Kwa muda mrefu ilikuwa nusu, na kuanzia Septemba 2024, kwa sababu magereza yamejaa, wafungwa wengi wakaanza kuachiwa wakishatumikia asilimia 40. Muda uliobaki anamalizia nje, akikosea anarudishwa. Na kesi za mahakama kubwa zilizokuwa zinasubiri mwaka huo huo zilipita 70,000. Shahidi wa unyang'anyi akisubiri muda wote huo, amehama, amechoka, amesahau sura. Kesi inaweza kufia hapo bila mtu kutiwa hatiani.

Sasa jambo moja la wenzangu tulio huku, na nyie wazazi mliotuma watoto. Kuna Sheria ya Mipaka ya mwaka 2007. Mtu asiye raia wa Uingereza akihukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, kufukuzwa nchini kunakuja kwa mujibu wa sheria. Zipo nafuu chache, kama aliyekuwa chini ya miaka 18 siku ya kutiwa hatiani, au hoja za haki za binadamu, lakini kuzipigania ni gharama na machozi. Na kwa unyang'anyi miezi 12 si mingi, hata kesi nyepesi za mitaani jaji anaanzia hapo hapo mwaka mmoja. Kijana anaposimama na wenzake akijua wanachokwenda kufanya na kuwasaidia, hata kama mkono wake haukugusa begi, kosa ni lake pia.

Mtoto aliyezaliwa huku wazazi wakiwa kwenye viza si raia kwa kuzaliwa tu. Akifikisha miaka 10 akiwa ameishi hapa, ana haki ya kuandikishwa, na wengi wetu tunaiahirisha kwa sababu ya ada. Video ijayo nitakaa na fomu yenyewe mezani, ukurasa kwa ukurasa. Mwenye swali kuhusu hiyo aniandikie mapema nilibebe.